Walionisubiri Kabuga

Vijana wangu wa stoo ya chanjo, siku mliyonipa saa ya ukutani (kana kwamba mstaafu ana haja ya kujua ni saa ngapi) mliniomba niwaandikie mambo ya kazi yetu. Vyeo na mishahara naviacha, havijazi hata nusu ukurasa. Nitawaandikia juu ya friji moja lililokuwa Kigali, na juu ya watu niliowakimbia asubuhi moja bila kuwaaga. Friji nilijua kulitengeneza. Hilo la pili lilinikaa kifuani karibu miaka thelathini, na kama sikuwahi kuwasimulia ni kwa sababu nilikuwa naona haya.

Mwishoni mwa mwaka 1991 nilikuwa fundi wa mafriji ya chanjo Shinyanga, kijana, bado mseja, najua kila kitu. Shirika moja la kanisa likatafuta fundi wa kujitolea miaka miwili Rwanda. Kujitolea maana yake ilikuwa chumba, chakula na nauli ya kurudi. Mama yangu akauliza, "Huko si kuna vita? Unakwenda kufanya nini?" Nikamwambia nakwenda kutengeneza mafriji. Akanitazama. "Ya Shinyanga yameisha?"

Kituo changu kilikuwa zahanati ndogo Gitega, pale ambapo nyumba zimebanana kwenye mteremko na kila kibaraza kina mtu anauza kitu: sabuni iliyokatwa vipande, mkaa kwenye makopo, nyanya kwenye mafungu. Niliingia mvua ikinyesha, begi la nguo bega moja, sanduku la vifaa bega la pili. Ndani ya sanduku nilikuwa na mkasi wa kukatia utambi, faneli, kioo kidogo cha kutazamia moto chini ya friji, na pima maji. Nyinyi mnaotumiwa ujumbe kwenye simu friji likipata joto, mtanicheka. Chekeni. Kioo kile bado ninacho.

Aliyenipokea ni muuguzi aliyesimamia chanjo, Veneranda, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye sweta la kijani ambalo sikuwahi kumwona hajalivaa. Alikuwa mtoto wa dereva wa malori, amezaliwa na kukulia mitaa ile ya wafanyabiashara, kwa hiyo Kiswahili alikisema tangu utotoni, kile cha Kigali, kisichojali sana adabu za waalimu wetu wa shule. Nilimwita Dada Venera. Yeye aliniita Masanja nikifanya vizuri, na Mutanzania nikikosea.

"Hii friji iko mugonjwa," akaniambia hata sijatua mzigo. "Inakunywa mafuta, baridi haitoi."

Lilikuwa friji la aina ile ya zamani, linalokwenda kwa umeme na, umeme ukikatika, kwa taa ya mafuta chini yake. Na umeme ulikatika kweli siku hizo, kwa sababu ya vita vya kaskazini. Nikaweka pima maji juu yake. Sakafu ya zahanati ilikuwa imelala upande kama kilima chenyewe, na friji la namna ile lisipokaa sawa haligandishi hata maji ya kuoshea mikono. Nikaweka vipande viwili vya mbao chini ya mguu mmoja, nikakata utambi, nikasubiri. Jioni kipimajoto kilisoma nyuzi tano, katikati ya zile mbili na nane zinazotakiwa na chanjo. Nikasimama pale nikingoja kusifiwa.

Veneranda akatazama vipande vya mbao, akatazama nje dirishani, kilima juu ya kilima. "Kigali yote iko mulima, Mutanzania. Utaweka mbao chini ya nyumba ngapi?" Kisha akachukua daftari akaandika: jioni, tano.

Daftari lile ndilo lililokuwa dini yake ya pili baada ya ile ya Jumapili. Asubuhi anasoma kipimajoto, anaandika. Jioni anasoma, anaandika. Umeme ukiwepo, anaandika. Mabomu ya mkono yakirushwa sokoni na watu wakijifungia ndani, siku ya pili anafika na sweta lake, anaandika. Hata salamu aligeuza ziwe hivyo. Ukimuuliza habari za asubuhi, anakujibu, "Nne." Akisema tisa, ujue hana raha.

Sasa kosa langu. Mwaka uliofuata Veneranda alikwenda kwao upande wa baba kuzika shangazi, siku tatu, akaniachia friji na daftari. Umeme ukakatika Jumamosi mchana, jua kali. Nikawasha taa, nikapandisha utambi juu kabisa, kama tulivyofanya Shinyanga siku zote, nikaenda zangu. Jumapili nikaenda misa, halafu kuangalia mpira. Daftari sikuligusa. Mtu wa Shinyanga hajui kitu kinaitwa baridi ya asubuhi. Lakini Kigali iko juu, na moto ule ule unaofaa joto la kwetu, kule unagandisha.

Jumatatu alfajiri nilifungua friji nikakuta vichupa vya chanjo ya pepopunda vimeshikwa na barafu ukutani kwa nyuma. Nikavibandua kimoja kimoja. Nikateremsha utambi. Kufika saa tatu barafu imeyeyuka, vichupa vinaonekana vizima kabisa, kipimajoto kinasoma tano. Nikaandika tano. Na Jumapili nikaijazia tano yake na nne yake, mwandiko mzuri.

Mnajua, maana nimewafundisha mimi mwenyewe, kwamba chanjo ya pepopunda ikiganda imekufa. Haibadiliki rangi, hainuki. Inakufa kimya kimya. Jumanne ilikuwa siku ya wajawazito. Veneranda alirudi, akavaa sweta, akachoma sindano akina mama ishirini na sita. Mimi nilikuwa kwenye chumba cha pili, natengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika.

Nilikaa na jambo hilo Jumatano nzima. Alhamisi asubuhi nikamwuliza habari za asubuhi, akasema, "Nne, safi kabisa," na uso wake ulikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyonishinda. Nikamwambia, "Dada Venera, ile chanjo iliganda."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitoa kichupa kimoja cha vile vilivyobaki, akatoa na kingine kipya kilicholetwa jana yake kutoka stoo kuu, akavitikisa vyote viwili kwa pamoja, mkono huu na mkono huu, akaviweka mezani. Akavuta kiti. Tukakaa nusu saa tunatazama vichupa. Kile kipya kilibaki na ukungu wake, sawasawa. Kile changu kilichuja: juu maji matupu, chini machicha. Nimewafanyia nyinyi jaribio hilo darasani mara nyingi, mkanishangaa kwa nini nikifika hapo nanyamaza.

"Yoo," alisema. Hilo tu.

Nikaleta mpango wangu. Tusubiri kliniki ijayo, tuwaambie akina mama kwamba serikali imeongeza dozi moja. Watachomwa upya, hakuna atakayejua, yeye hatapata matatizo. Veneranda akafunga daftari.

"Na yule atazaa kabla ya kliniki?" akauliza. "Mutoto akipata pepopunda, utamwambia serikali gani? Twende. Nyumba kwa nyumba. Na wewe ndiye utasema, na mudomo yako."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya muuza nyanya aitwaye Spesioza, msichana wa miaka ishirini hivi, mimba yake ya kwanza, kubwa. Nilisimama mlangoni nikasema yote: utambi, mpira, barafu, hata ile tano ya uongo. Spesioza akamtazama Veneranda, akanitazama mimi, halafu akacheka akiwa amefunika mdomo kwa kitenge.

"Umekuja kuniambia wewe mwenyewe? Mpaka nyumbani?"

Akatupa viti, akatumiminia pombe ya mtama, na ilibidi kunywa. Tulipoinuka na yeye akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akatoka nasi. Nikadhani anakwenda dukani. Nyumba ya pili nikasema tena maneno yale yale. Mwenye nyumba naye akainuka, akatoka nasi. Ya tatu vile vile. Kufika nyumba ya saba nilikuwa natembea kwenye vichochoro vya Gitega na kundi la wanawake wajawazito nyuma yangu, wanaongea Kinyarwanda na kucheka, watu wanatoka vibarazani kutazama.

Nikamnong'oneza Veneranda, "Dada, hawa wananipeleka polisi?"

"Wanakusindikiza."

"Mpaka wapi?"

Aliniacha nipite nyumba tatu nyingine na jasho langu. Mpaka tulipofika barabarani na wanawake wamefika kumi, ndipo akasema, machozi ya kicheko yakimtoka, "Mutanzania wewe, hawawezi kurudi! Mugeni ndiye anasema rudini. Haujasema, wanakutembeza tu. Unataka Spesioza azalie njiani?"

Kwetu Usukumani tunasindikizana pia, lakini anayechoka anarudi. Pale haikuwa hivyo. Mwenyeji hawezi kukupa mgongo; anatembea nawe mpaka wewe, mgeni, umfungulie kwa mdomo wako. Nikageuka nikasema, "Rudini sasa, mmenifikisha, asanteni." Wakanikumbatia mmoja mmoja, mikono miwili, matumbo yale mbele, wakarudi. Tukaendelea na nyumba zilizobaki, na safari hii nikasema rudi kila mlango, haraka haraka, kama mtu anayeogopa deni.

Wote ishirini na sita walikuja kuchomwa upya. Veneranda alifuta tano yangu na nne yangu za Jumapili kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: haikusomwa. Hakuwahi kulitaja tena kosa lile. Watoto walipoanza kuzaliwa, kila mama alipita na mtoto wake chumba cha friji kwanza, anionyeshe kwamba ni mzima. Wa Spesioza alikuwa wa kike. Nilimbeba na mikono iliyojaa mafuta ya taa, na mama yake hakujali.

Nawaambieni, sijawahi kupendwa mahali kama nilivyopendwa pale, na sikustahili. Mpaka leo mvua ikipiga bati nasikia Gitega. Nasikia harufu ya mkaa unaowashwa na moshi wa mikaratusi, na Veneranda anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini huku anapanga vichupa. Nilikuwa naona ni kazi tu, na kwamba maisha yenyewe yatakuja baadaye. Kumbe ndiyo yalikuwa yale.

Mambo yaliharibika polepole. Vizuizi viliongezeka barabarani, na kwenye vizuizi walitazama vitambulisho. Mimi na pasipoti yangu nilipita. Veneranda alishushwa, kwa sababu ya neno moja lililoandikwa kwenye kitambulisho chake, akasimamishwa pembeni, wakati mwingine saa nzima. Akifika anasema tu, "Leo nimechelewa kusoma," na anakwenda kwenye kipimajoto.

Mwanzoni mwa mwaka 1994 muda wangu uliisha. Siku ya safari ikapangwa: basi la kwenda mpakani Rusumo. Veneranda akaniambia atanisindikiza mpaka Kabuga, pale mji unapoishia na barabara inashika mashariki. Saa nne asubuhi, kwenye mabasi. Nikasema sawa.

Sikukaa mpaka saa nne. Nilipanda gari la kwanza la alfajiri, nikapita Kabuga wauzaji ndio kwanza wanatandika magunia yao. Nilijiambia kwamba namwepushia vizuizi. Ni kweli kwa robo. Robo tatu niliogopa kulia mbele ya watu. Mwanamume mzima wa Kisukuma, fundi, na sanduku lake la vifaa! Nilipofika Rusumo nilinunua chai na mandazi, nikajisifu kwamba nimeondoka vizuri.

Mwezi uliofuata nikapata barua yake. Naijua kwa moyo, haikuwa ndefu.

"Masanja, amani kwako. Asubuhi nne, jioni tano. Mbao yako bado iko chini ya friji. Nilifika Kabuga, wakasema gari yako imeenda zamani. Sasa mimi iko na shida. Haujaniambia nirudi. Kwa hiyo bado nakusindikiza. Asubuhi nne, jioni tano. Veneranda."

Nilicheka. Nikasema nitamjibu Jumapili. Nilimjibu baada ya Jumapili tatu, na barua ile nadhani haikufika, kwa sababu Aprili ikaingia.

Yaliyotokea mnayajua, dunia nzima inayajua, na mimi sikuwepo, kwa hiyo sitayasimulia. Nilipelekwa mpakani na masanduku ya chanjo ya surua. Watu walivuka daraja siku nzima. Nilifanya kazi yangu nikimtazama kila mwanamke mfupi usoni, na kila sweta la kijani. Niliandika barua nne. Sikujibiwa. Nilijua, na sikutaka mtu aniambie.

Baada ya hapo nilikuwa na sababu ya kutorudi kila mwaka: kampeni ya chanjo, mafunzo, harusi ya mtoto, mgongo. Kazi ni kisingizio kizuri kuliko vyote, maana kila mtu anakuheshimu nacho. Mliponikabidhi ile saa yenu, sababu zikawa zimekwisha. Mwezi mmoja baadaye nikapanda basi.

Gitega niliitambua kwa mteremko tu. Zahanati haipo, pana jengo jingine. Nikauliza kwa fundi viatu mzee kama anamjua Veneranda muuguzi. Akashusha kiatu. Akatikisa kichwa taratibu, kwa huzuni, akaniuliza mimi ni nani yake. Nikasema, fundi wa friji. Akatoa simu, akaongea kwa Kinyarwanda kwa muda, akanipa namna ya kufika Batsinda, kwenye zile nyumba za bei nafuu, kwa mama anayeitwa Spesioza.

Amenenepa, nywele nyeupe, anatembea na fimbo. Alinitazama mlangoni kwa muda mrefu. "Wewe ni ule wa barafu," akasema.

Alinipa kiti, akanipa chai ya maziwa, na akaniambia yote bila kuzunguka. Veneranda aliuawa wiki ya kwanza, nyumbani kwake, pamoja na dada yake. Wa wale wanawake wa sindano wamebaki watano. Binti yake Spesioza yupo, ana watoto. Halafu akaniuliza, bila hasira, kama mtu aliyengoja kuuliza, "Kabuga, kwa nini haukutungoja?"

"Mlikuwa wangapi?" nikauliza. Barua ilisema ni yeye peke yake.

"Kumi na mbili. Na watoto mugongoni. Yeye alipita nyumba zote kutuita. Tulivaa ya Jumapili. Tulileta ndizi na maharage, na ile pombe. Tulikaa mpaka jua kichwani. Halafu Venera akasema, tule sisi, Mutanzania amejua tutamliza. Tukakula tukacheka. Tulicheka sana siku ile."

Nililia pale kwenye kiti chake, mzee mzima, kamasi na kila kitu. Vizuizi vyote vile, na kitambulisho kile, na alikwenda, na aliwakusanya. Na mimi nilikuwa nakunywa chai Rusumo. Spesioza aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akachukua fimbo.

"Inuka," akasema. "Basi yako inapita Kabuga, si ndiyo?"

Nilimkatalia kwa sababu ya mguu wake. Yeye alikuwa anajifunga kitenge. Tukaenda. Kabuga imejaa maduka sasa, barabara pana, lakini mahali ni pale pale. Akanionyesha walipokaa: ukingo wa mtaro, mbele ya duka la saruji. Basi likaja. Nikampa mkono, nikapanda, nikakaa dirishani. Yeye akasimama. Watu wakapanda, mizigo ikapangwa, bado amesimama juani na ule mguu, ananitazama tu. Nikampungia mkono. Hakutikisika. Dereva akawasha moto ndipo akili ikanirudia.

Nikafungua kioo, nikatoa kichwa. "Rudi sasa, Spesioza. Umenifikisha. Asante."

Akaitikia kwa kichwa, akageuka, akaanza kwenda. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa ananitazama, na sikujali, kwa sababu nilikuwa bado sijamaliza. Niliutazama ule ukingo wa mtaro.

"Na wewe, Venera," nikasema. "Rudi sasa. Umenifikisha."